Betri mpya, flashi imezima: hesabu ya kamera ndogo kati ya Mbarara na Nakivale

MBARARA, Uganda – Ugomvi huu wauzaji wa vifaa vya umeme wanaujua. Mpiga picha ananunua jozi ya betri mpya asubuhi, anaingia kazini na kamera yake ndogo ya dijitali, anapiga picha kumi na tano ndani ya ukumbi, na kabla keki haijakatwa kioo cha kamera kinazimika. Kesho yake anarudi dukani kwa hasira kudai fedha zake. Muuzaji anazichukua betri zilezile, anazitia kwenye tochi, na tochi inawaka. Mpiga picha anaambiwa kamera yake ndiyo mbovu.

Hakuna aliyedanganya hapo. Betri ni nzima na kamera ni nzima, ila betri hizo hazikutengenezwa kwa kazi ya flashi. Kwa mfanyabiashara anayebeba katoni kutoka maduka ya jumla ya Mbarara kwenda Nakivale, kutoijua tofauti hiyo maana yake ni mzigo unaorudishwa na wateja wanaohama. Kwa mpiga picha ni zaidi ya hapo. Harusi hairudiwi, na mteja asiyepata picha halipi.

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yako wilayani Isingiro, mwendo wa kilomita 50 hadi 60 kusini-mashariki ya Mbarara, si mbali na mpaka wa Tanzania. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kupokea watu kutoka Rwanda, na sasa yana zaidi ya watu 150,000, wakiwemo Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kufungua biashara. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba uchumi wa makazi kama hayo umefungamana na masoko ya miji ya Uganda na hata ya nje ya nchi. Betri ni bidhaa ndogo katika mnyororo huo, lakini haikosekani katika kibanda chochote.

Kazi ya picha nayo ipo palepale watu walipo: harusi, ubatizo, mahafali ya shule, picha za pasipoti, na picha za kuwatumia ndugu waliohamishiwa Marekani, Canada au Australia. Ni kweli simu zimeila sehemu kubwa ya kazi hiyo. Takwimu za CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, zinaonyesha kwamba kamera za dijitali zilizosafirishwa na viwanda duniani zilizidi milioni 120 mwaka 2010, na mwaka 2020 hazikufika milioni 9. Hata hivyo, kamera ndogo zilizouzwa katika miaka ile hazikutoweka. Zinazunguka kama mitumba, na tangu mwaka 2023 hivi vijana wa Ulaya na Marekani wamezirudia kwa mtindo, jambo lililopandisha bei ya baadhi yake. Faida moja kubwa ziliyobaki nayo juu ya simu ya bei ya kawaida ni flashi. Taa ya simu ni ya LED na ni dhaifu, wakati flashi ya kamera hutoa mmweko mkali wa muda mfupi sana, unaoweza kumsimamisha mtu anayecheza ngoma gizani asitoke kama kivuli kilichokorogeka.

Lakini flashi hiyo ndiyo inayokula betri.

GHALA LA VOLTI 300

Flashi ya kamera ndogo haichukui umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Betri mbili za saizi ya AA kwa pamoja zina volti 2.4 hadi 3 tu, ilhali bomba la gesi ya xenoni linalotoa mwanga linahitaji volti zipatazo 300. Kwa hiyo ndani ya kamera mna saketi inayopandisha volti na kujaza kapasita, ambayo ni ghala dogo la umeme. Kapasita ikijaa, flashi iko tayari. Kitufe kikibonyezwa, umeme uliomo humwagwa kwa muda usiozidi sehemu ya elfu moja ya sekunde au karibu na hapo. Kisha betri huanza kazi ya kujaza upya. (Mafundi wanaofungua kamera hizi wanajua kwamba kapasita hiyo inaweza kumpiga mtu shoti kali hata betri zikiwa zimetolewa.)

Kapasita ya kamera ndogo kwa kawaida ni ya maikrofaradi 100 hivi. Kwa volti 300, hiyo ni nishati ya jouli 4.5. Saketi hupoteza sehemu ya umeme njiani, hivyo betri hulazimika kutoa jouli 7 au 8 kwa kila mmweko kamili. Ni kiasi kidogo. Jozi ya betri za kuchaji zenye mAh 2,000 ina jouli zaidi ya 17,000 ndani yake. Hata jozi ya betri za bei ya chini kabisa, zile za zinki na kaboni, inaweza kutoa jouli elfu kadhaa ikitumika polepole kwenye redio au saa ya ukutani. Kwa hesabu ya karatasi, jozi hiyo ya bei ya chini ingetosha kuwasha flashi mamia ya mara.

Haiwashi mamia ya mara. Mara nyingi haifiki hata thelathini.

Mtu wa Ankole ataelewa haraka kwa nini. Mfugaji anaweza kuwa na ng'ombe mia moja wenye pembe ndefu na bado akashindwa kulipa shilingi elfu hamsini saa nne ya asubuhi siku ya soko. Mali anayo, fedha mkononi hana. Betri ya zinki na kaboni ina umeme, ila haiwezi kuutoa kwa kasi. Redio inaomba kidogo kidogo, nayo inatoa. Flashi inaomba ampea moja na nusu au mbili kwa mkupuo, sekunde kadhaa mfululizo, na hapo betri inashindwa.

Kinachozuia ni ukinzani wa ndani ya betri yenyewe. Betri ya kuchaji ya nikeli iliyo nzima ina ukinzani wa takriban omu 0.04. Alkalaini mpya ina kati ya omu 0.15 na 0.3. Ya zinki na kaboni inaweza kuwa na omu 0.5, na huongezeka haraka kadiri inavyotumika. Chukua ampea 1.5. Kwenye betri ya zinki, volti 0.75 hupotea ndani yake, na volti 1.5 zilizoandikwa kwenye ganda hubaki 0.75. Kwenye alkalaini ya omu 0.2 hupotea 0.3, hubaki 1.2. Kwenye ya nikeli, ambayo huanza na volti 1.2 tu, hupotea 0.06 na hubaki 1.14.

Kamera nyingi za aina hii hujizima kila betri inaposhuka hadi karibu volti moja. Kwa hiyo betri inayosema 1.5 inazima kamera, na inayosema 1.2 inaendelea. Wateja wengi wanazikataa betri za kuchaji dukani kwa sababu ya namba hiyo ya 1.2, na wauzaji wengi hawana jibu la kuwapa. Jibu ndilo hilo.

Kuna na jambo la pili. Alkalaini huteremka kidogo kidogo tangu siku ya kwanza, na ukinzani wake hupanda, hivyo muda wa kungoja flashi hurefuka: sekunde tano, kisha nane, kisha kumi na mbili. Ya nikeli hubaki karibu palepale kwa sehemu kubwa ya chaji yake, halafu huisha ghafla. Mpiga picha aliyezoea alkalaini hudhani betri ya nikeli imemsaliti, kwa vile hakupewa onyo. Alama ya betri kwenye kioo nayo mara nyingi imepimwa kwa alkalaini. Kamera za Nikon Coolpix za mfululizo wa L zina sehemu kwenye menyu ya kuchagua aina ya betri. Asiyeichagua hupata onyo la uongo.

Kamera ikizimika ghafla hivyo, athari haiishii kwenye picha. Lenzi hubaki imetoka nje, na katika vumbi la barabara za Isingiro wakati wa kiangazi, lenzi iliyobaki nje ni kazi ya fundi.

HERUFI MOJA KWENYE GANDA

Kwa Kiganda betri huitwa amanda, neno linalomaanisha makaa, na kwa betri za zamani jina hilo ni sahihi kabisa: katikati yake mna kijiti cha kaboni. Tatizo ni kwamba jina moja, saizi moja na mara nyingi rangi zinazofanana hufunika bidhaa nne tofauti.

Njia ya uhakika ya kuzitenga ni alama ya kimataifa iliyochapwa kwenye ganda, kwa kawaida kwa herufi ndogo. R6 bila herufi nyingine mbele ni zinki na kaboni. LR6 ni alkalaini. HR6 ni ya kuchaji, ya nikeli. FR6 ni lithiamu isiyochajiwa. Zote nne ni AA, zote nne zinaingia kwenye kamera ileile. Kwa saizi ndogo ya AAA namba ni 03 badala ya 6, na herufi ni zilezile.

Maneno makubwa ya mbele yasiangaliwe. "Heavy Duty" yamewatia hasara wengi, kwa kuwa mnunuzi huyasoma kama sifa ya nguvu. Kwa kawaida huchapwa kwenye betri za R6, ambazo ni dhaifu kuliko alkalaini yoyote ya maana. Zilikuwa za kazi nzito zikilinganishwa na betri za zinki za zamani zaidi.

Uzito nao unasema. Alkalaini ya AA ina gramu 23 hivi, ya kuchaji iliyo halisi gramu 26 hadi 31, ya zinki na kaboni huwa chini ya 20. Mizani ya sonara inatosha kuumbua katoni nzima ya alkalaini bandia. Ya lithiamu peke yake ni nyepesi kwa haki, gramu 15, lakini bei yake huitambulisha.

Kwa betri za kuchaji, uongo uko kwenye namba ya mAh. Betri za AA za nikeli kutoka viwanda vyenye sifa hukaa kati ya mAh 1,900 na 2,800 hivi. Ganda linalodai 4,000 au 5,000 ni la kuachwa palepale, hata likiuzwa kwa mkopo. Mara nyingi ndani mna robo ya kinachodaiwa, na chembe za uzito zilizokosekana zinaonekana kwenye mizani ileile.

Kipimo cha volti, ambacho mafundi wengi hukitoa mfukoni kwa fahari, hapa hakisaidii sana. Betri ikiwa imetulia, R6 mpya na LR6 mpya zote huonyesha volti 1.5 na zaidi. Tochi pia haisemi kitu, kwa sababu tochi ya LED inahitaji umeme kidogo. Tena betri ya zinki iliyopumzika usiku kucha hujirudishia nguvu kidogo, ndiyo maana muuzaji anapoijaribu kesho yake inawaka.

Kipimo kizuri ni kamera yenyewe. Flashi iwashwe kwa lazima, picha kumi zipigwe mfululizo kuelekea upande wenye giza wa mbali, na sekunde zihesabiwe kutoka mmweko hadi mmweko. Betri zikiwa nzuri, sekunde za picha ya kumi hazitapishana sana na za picha ya pili. Zikiwa za zinki, tofauti inaonekana kabla ya picha ya sita. Duka la jumla lenye kamera moja kuukuu nyuma ya kaunta linaweza kujaribu sampuli ya kila mzigo kwa dakika tatu, na hiyo ni gharama ndogo kuliko kurudishiwa katoni.

BEI YA PICHA MOJA

Bei ya jozi ndiyo inayotazamwa sokoni. Bei inayomhusu mpiga picha ni ya picha moja yenye flashi, na hizi mbili hazifuatani.

Chukua mfano, kila mtu aweke bei za soko lake. Jozi ya R6 kwa shilingi 1,000 ya Uganda ikitoa picha 15 za flashi, kila picha imebeba shilingi 67 za betri. Jozi ya LR6 kwa shilingi 5,000 ikitoa picha 100, ni shilingi 50. Tofauti hiyo si kubwa, na inaeleza kwa nini wengi hawaoni sababu ya kupanda daraja. Sasa chukua jozi ya HR6 pamoja na chaja kwa shilingi 60,000, ada ya kuchaji shilingi 500 kila mara, na picha 200 kwa chaji. Ada peke yake ni shilingi 2.50 kwa picha. Shilingi 60,000 za mtaji zinarudi, ukilinganisha na alkalaini, baada ya picha 1,260 hivi. Anayepiga picha 20 kwa siku anafika hapo kwa miezi miwili na siku chache. Betri nzuri za aina hiyo huchajiwa mara mamia, kwa hiyo baada ya hapo gharama ya betri karibu inatoweka kwenye vitabu vyake.

Kwa nini basi R6 ndizo zinazojaa vibandani? Mwenye shilingi 1,000 leo hana 60,000 leo. Anayelipwa kwa picha moja moja hununua umeme kwa jozi moja moja, kama anavyonunua sabuni kwa kipande na mafuta ya kupikia kwa kipimo. Ni uamuzi wa mtu asiye na mtaji, na una mantiki yake, ingawa mwisho wa mwaka amelipa zaidi kuliko tajiri. Mfanyabiashara anayeliona hilo anaweza kuuza chaja na betri kwa malipo ya awamu kwa wateja anaowafahamu, au kukodisha jozi zilizochajiwa: mteja anaacha amana, anachukua zilizojaa, anarudisha zilizoisha. Hesabu ya hapo juu ina nafasi ya kutosha kwa faida ya pande zote mbili.

Katika makazi ambamo watu wengi hutegemea sola, suala la kuchaji halikwepeki. Jozi ya AA zenye mAh 2,000 ina wati-saa 4.8. Ukihesabu upotevu, wati-saa 8 hivi zinatosha kuijaza. Paneli ya wati 10 inaweza kuifanya kazi hiyo kwa saa moja na nusu au mbili za jua kali. Chaja inayokubali volti 12 moja kwa moja ni bora kuliko inayopitia inveta, kwa kuwa inveta ndogo hula umeme wake yenyewe hata isipokuwa na mzigo mkubwa. Kwa madereva wa njia ya Mbarara na Isingiro, chaja hiyohiyo inaingia kwenye tundu la kiberiti cha gari. Kibanda kinachochaji simu kwa ada kinaweza kuongeza chaja ya AA bila kubadili kitu kingine chochote.

Betri za kuchaji za zamani zilikuwa na kasoro moja iliyoziharibia jina: zikikaa mwezi au miwili bila kutumika zilipoteza sehemu kubwa ya chaji zenyewe, na kwenye joto zaidi. Sanyo ya Japani ilitoa Eneloop mwishoni mwa mwaka 2005, betri ya nikeli iliyotengenezwa kushikilia sehemu kubwa ya chaji yake kwa mwaka mzima, na makampuni mengine yakafuata. Kwa mpiga picha anayeitwa kazini mara mbili kwa mwezi, hizi ndizo za kutafuta, hata kama mAh zake ni 1,900 au 2,000 wakati jirani zake kwenye rafu zinadai 2,700.

Matumizi yenyewe yanaweza kupunguzwa bila kununua kitu. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: anayesimama mita tatu kutoka kwa bibi harusi anahitaji mwanga mara nne ya anayesimama mita moja na nusu. Kamera nyingi hukata mmweko mapema mtu akiwa karibu, na umeme uliobaki kwenye kapasita hauhitaji kujazwa tena. Kupandisha ISO kutoka 100 hadi 400 nako kunapunguza mwanga unaohitajika hadi robo, kwa gharama ya chengachenga kidogo ambazo kwenye picha ya ukubwa wa kawaida hazionekani sana. Na ile mimweko ya awali ya kuondoa macho mekundu ni umeme unaolipiwa. Kwa picha za pasipoti zinazopigwa nje kwenye kivuli cheupe, flashi haina kazi yoyote.

Kosa moja linarudiwa kila mahali, nalo ni kuchanganya betri mpya na kuukuu, au R6 moja na LR6 moja. Iliyo dhaifu huisha kwanza, mwenzake huendelea kuisukuma kinyume, na huvuja. Majimaji yake hula vyuma vya kamera.

KAMERA ZENYE BETRI YAKE

Kamera ndogo nyingi, hasa nyembamba, hazitumii AA kabisa. Zina betri bapa ya lithiamu-ioni ya volti 3.7 yenye mAh 700 hadi 1,000, yaani wati-saa 2.6 hadi 3.7. Ukinzani wake ni mdogo na flashi hurudi haraka. Kikwazo ni biashara: kila kampuni ina umbo lake, kamera za mitumba kutoka Dubai hufika mara nyingi bila chaja, na betri mbadala ya namba fulani huenda isipatikane Mbarara nzima wakati AA iko kila kibanda. Anayenunua mzigo wa kamera hizo aziagize na betri na chaja zake hapohapo, au ajue anaagiza vipuri.

MPAKANI NA NJIANI

Zamani betri nyingi za Afrika Mashariki zilitengenezwa humu humu. Kiwanda cha Eveready cha Nakuru, Kenya, kilichoanza mwaka 1967, kilifungwa mwaka 2014 na kampuni ikageukia kuagiza kutoka nje. Dar es Salaam kulikuwa na kiwanda cha Matsushita kilichojulikana kwa betri za National na baadaye Panasonic. Kwa ajili ya viwanda hivyo, Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza mwaka 2005, betri kavu ziliwekwa kwenye orodha ya bidhaa nyeti na kutozwa asilimia 35, juu ya kiwango cha kawaida cha asilimia 25 kwa bidhaa zilizokamilika.

Hapa ndipo wadogo wanapokwama. Cheti rahisi cha uasilia cha Jumuiya, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, huondoa ushuru kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya nchi wanachama tu. Kuvuka Mutukula, Mirama Hills au Kikagati na boksi la betri zilizotengenezwa China hakulifanyi kuwa la Afrika Mashariki, hata kama lilinunuliwa kwa risiti katika duka la nchi mwanachama. Nchi iliyotengeneza huchapwa kwenye pakiti, na afisa wa forodha huanzia hapo. Kwenye fomu, betri zisizochajiwa huingia kichwa cha 8506 na za kuchaji 8507. Kuzichanganya kwenye mstari mmoja ni kuomba mzigo ufunguliwe. Kiwango cha sasa aulizwe wakala wa forodha kabla ya kulipa muuzaji, maana viwango hubadilishwa kila mwaka wa bajeti, Julai.

Kwa wanaoleta kutoka Dubai kwa ndege kanuni ni ngumu zaidi. Lithiamu isiyochajiwa ilipigwa marufuku kama shehena kwenye ndege za abiria tangu Januari 2015, na lithiamu-ioni tangu Aprili 2016. Betri za lithiamu za akiba za abiria huwekwa kwenye mkoba wa mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa, kamwe si kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege. Alkalaini na zinki hazina marufuku hiyo, ila nazo lazima zifungwe zisigusane.

Barabarani hatari kubwa ni betri za kuchaji zilizotolewa kwenye pakiti na kutupwa pamoja na sarafu au misumari. Ukinzani mdogo uleule unaozifanya zifae kwa flashi huziwezesha kuunguza mfuko zikiguswa ncha kwa ncha. Joto nalo huharibu taratibu: katoni iliyokaa juu ya basi mchana kutwa, kisha chini ya bati la kibanda miezi mitatu, haiko sawa na iliyoondoka ghalani. R6 huhesabiwa maisha ya rafuni ya miaka miwili au mitatu tangu kiwandani, LR6 mitano hadi kumi, na tarehe huchapwa kwenye ganda au pembeni mwa pakiti. Katoni ya R6 inayouzwa Mbarara kwa punguzo kubwa isomwe tarehe hiyo kabla ya kupakiwa.